Jina Jipya, Namba Ileile

Rangi ya Celtel ilikuwa rahisi. Nyekundu na njano, mikono miwili juu ya lipu kavu, stensili ya herufi, na jioni umeshalipwa uko kwenye basi la kurudi Morogoro. Zain ndiyo iliyotutoa jasho. Nembo yake ilikuwa mzunguko wa rangi zinazoyeyukiana. Kwenye kompyuta ya Dar es Salaam ilipendeza, lakini mpe fundi brashi na makopo matano pale Dumila, juani, uone atakachokitoa. Wengi wetu tuliishia kuchora kitu kama yai lililopasuka. Airtel ilipokuja tukapumua: nyekundu tupu na maandishi meupe.

Nazungumzia ukuta uleule. Kuna duka moja la Gairo nimelipaka rangi za kampuni zote tatu, na halikuwa limechakaa. Rangi ya Zain ilikuwa bado inang'aa nilipoambiwa niifute.

Kazi ilikuwa inakwenda hivi. Kampuni ya simu inampa zabuni mkandarasi wa Dar, mkandarasi anatafuta mafundi wa mikoani, na sisi tunakabidhiwa ndoo za rangi, stensili na orodha ya vituo vya kando ya barabara kuu: Dumila, Gairo, Kibaigwa, au upande wa Iringa, Doma, Mikumi hadi Ruaha Mbuyuni. Mwenye duka halipwi. Faida yake ni duka kupakwa bure na jina lake kuandikwa kwa herufi ndogo juu ya mlango, tena baada ya kubishana. Siku hizi nina karakana ya mabango karibu na stendi ya Msamvu na kazi kubwa inafanywa na mashine ya kuchapa. Lakini ninachokijua kuhusu biashara ya majina nilikipata juu ya ngazi, nikiwasikiliza wanunuzi wa vocha wakizungumza chini yangu.

Wenye kampuni walikuwa na sababu zao, na hazikuwa za kijinga. Mo Ibrahim, mhandisi mzaliwa wa Sudan aliyefanya kazi Uingereza, alianzisha mwaka 1998 kampuni iliyokuja kujulikana kama Celtel, wakati wakubwa wa simu wa Ulaya waliiona Afrika kama mahali pa kupoteza hela. Tanzania iliingia mwaka 2001. Mwaka 2005 kampuni ya MTC ya Kuwait ikainunua Celtel kwa dola bilioni 3.4. MTC ikajibatiza Zain mwaka 2007, na Agosti 2008 Celtel za Afrika nazo zikavikwa jina hilo. Mwaka 2010 Bharti Airtel ya India ikanunua biashara ya Zain katika nchi 15 za Afrika kwa dola bilioni 10.7, na kufikia Novemba mwaka huohuo tulikuwa tunafuta tena. Zain iliishi ukutani miaka miwili na ushee.

Mama mwenye duka la Gairo alikuwa ameweka kiti nje akinitazama nikifuta.

"Fundi, wateja wakiniuliza hawa wapya ni akina nani, niwajibu nini?"

"Waambie laini ni zilezile, mama."

"Na vocha nilizonazo ndani?"

"Zinaingia kama kawaida."

"Basi maliza kazi yako."

Ukiniuliza mimi, mazungumzo hayo yana maana kuliko matangazo yote ya televisheni ya mwezi ule. Matangazo yalikuwa yanajibu swali la kampuni: sisi ni nani sasa? Mteja wa Gairo hakuwa na swali hilo. Alitaka kujua kama namba yake ya 0784 itabaki, kama salio litabaki, na kama pale mlimani nyuma ya shule mtandao utashika. Alipojibiwa hayo, jina la juu ya mlango lilikuwa shauri la mwenye nalo.

Kenya walikwenda mbali zaidi yetu. Wao walianza na Kencell mwaka 2000, ikawa Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008, Airtel mwaka 2010. Majina manne ndani ya miaka kumi. Ng'ambo ya barabara alikaa Safaricom, ambaye Vodafone ya Uingereza ilikuwa na hisa asilimia 40 ndani yake, na ambaye angeweza kabisa kuitwa Vodafone Kenya. Hakuitwa. Alibaki na jina lake na kijani chake, akahesabu muda wa maongezi kwa sekunde wakati mpinzani akihesabu kwa dakika, na huduma zake akaziita kwa maneno ambayo konda wa matatu angeyatamka bila kufundishwa: Sambaza, Okoa Jahazi. Kila mara mpinzani alipokuwa anatumia bajeti ya mwaka kueleza jina jipya, Safaricom alikuwa anatumia ya kwake kuuza kitu kipya. Machi 2007 kitu hicho kilikuwa M-Pesa.

Bharti alipoingia Kenya alikuja na dawa iliyomponya nyumbani. India alikuwa ameuza maongezi kwa bei ya chini mno kwa watu wengi mno, na wingi ukamlipa. Kwa hiyo Agosti 2010, hata kabla jina la Airtel halijatundikwa Nairobi, bei ya dakika ilishushwa hadi shilingi tatu za Kenya. Wapinzani wakashusha pia. Wateja walishangilia, wakafanya kile ambacho mtu yeyote wa Afrika Mashariki angekifanya: wakanunua laini ya pili. Ya bei nafuu kwa kupiga, ya zamani kwa M-Pesa na kwa namba ambayo ukoo mzima unaijua. Hesabu iliyofanya kazi Delhi ilimchukulia mteja kama mtu wa laini moja anayehama akipata bei nzuri. Mteja wa huku hahami. Anaongeza.

Ndiyo maana pia uhuru wa kuhama mtandao bila kubadili namba, uliokuja Kenya Aprili 2011 na Tanzania Machi 2017, haukuleta mafuriko yaliyotabiriwa. Nani ajaze fomu ya kuhama na simu yake ina sehemu ya laini mbili?

Nisiwaonee watu wa Celtel, lakini. Kuna wakati jina moja la nchi nyingi lilikuwa na maana kwa mtu wa chini, na wao ndio walioufanya. Septemba 2006 walifungua One Network kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Mtu wa Tanzania akivuka Namanga au Mutukula, anapiga kwa bei ya mwenyeji, anapokea bila kukatwa, na anaongeza salio kwa vocha ya nchi aliyopo. Kwa mchuuzi wa nguo anayelala Arusha na kununua Nairobi, jina la Celtel pande zote mbili za mpaka halikuwa pambo. Lilikuwa linamwambia kwamba kadi iliyomo kwenye simu yake itafanya kazi kule. Nimewasikia watu wa mpakani wakiisifia huduma ile miaka mingi baada ya jina lenyewe kufutwa. Zaidi ya hapo, nionavyo, jina moja kwa nchi zote ni starehe ya makao makuu: ripoti moja, nembo moja, wakala mmoja wa matangazo. Mteja wa Kibaigwa haendi Chad.

Sasa rangi. Hapa nina uchungu wa kikazi, mnivumilie.

Vodacom Tanzania ilizaliwa mwaka 2000 ikiwa ya bluu. Mobitel, mkongwe wa mwaka 1994, ilipitia jina la Buzz kisha ikawa Tigo, nayo ya bluu. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa nilibeba bluu mbili kwenye gari moja na kuomba Mungu nisizichanganye. Mwaka 2011 Vodacom, ambayo Vodafone ilikuwa imeshachukua hisa zake nyingi kule Afrika Kusini, ikaamriwa kuvaa nyekundu ya mama yake. Ilikimbia bluu ya Tigo ikaangukia nyekundu ya Airtel, iliyokuwa ukutani hata mwaka haujaisha. Kwenye katalogi nyekundu hizi mbili ni tofauti kabisa, zina namba zake. Kwenye ukuta wa kando ya barabara ya Dodoma, masika mawili yakipita na vumbi la malori, hakuna mtu anayeweza kuzitenganisha. Bibi aliyezoea kumtuma mjukuu kwa kumwambia rangi ya vocha alianza kuletewa vocha ya mtandao mwingine. Muuza duka naye harudishi hela ya vocha iliyokwisha kukwanguliwa.

Na nyekundu kwetu ina mwenyewe. Nyekundu ni Simba. Nilishawahi kufika kwenye duka na ndoo zangu, mkataba umesainiwa, na mwenye duka, mzee wa Yanga wa kurithi, akasimama mlangoni.

"Hiyo haipiti hapa."

"Mzee wangu, shikamoo. Ni rangi ya kampuni tu."

"Marahaba. Wape wenye kampuni salamu. Waambie waje na kijani."

Hakutania. Tulimaliza kwa kupaka upande wa nyuma wa duka, unaotazama bonde, ambako msomaji pekee wa tangazo lile alikuwa mbuzi. Msidhani ni ukaidi wa mzee mmoja: klabu yenyewe ya Yanga iliwahi kugomea nembo nyekundu ya Vodacom, aliyekuwa mdhamini wa ligi, kwenye jezi zake. Sidhani kama kwenye kikao kilichoamua nyekundu ya dunia nzima kuna mtu aliyeuliza habari za watani wa Kariakoo. Asingejua pa kuanzia kuuliza. Hapo ndipo ugumu wa kuuza nje ya kwenu ulipo: jambo litakalokukwamisha halimo kwenye orodha ya mambo uliyotumwa kuyachunguza.

Kuna walioamua kinyume kabisa. Viettel ni kampuni ya jeshi la Vietnam, na ukitoka nje ya Vietnam hulioni jina hilo kwenye kibanda cha vocha. Cambodia inaitwa Metfone, Laos Unitel, Haiti Natcom, Peru Bitel, Timor Mashariki Telemor, Msumbiji Movitel, Burundi Lumitel. Kwetu ilifika mwaka 2015 kwa jina la Halotel, rangi ya chungwa. Kila nchi jina lake, na ninavyoelewa mimi hii ina faida mbili. Jina likichafuka nchi moja, uchafu hauvuki mpaka. Na mteja haulizi hawa ni wa wapi, anaona tu kampuni ya simu ya hapa. Hasara yake ni kwamba kila nchi unaanza sifuri. Halotel ililipa gharama hiyo kwa minara: ilichimba mitaro ya nyaya na kusimika minara vijijini ambako wengine walikuwa hawajafika. Ukiwa wewe tu ndiye unayeshika mtandao kijijini, hata ungejiita Mchicha watu wangenunua laini. Naisemea kama mtu aliyepaka: rangi ya chungwa inafifia upesi juani kuliko zote, lakini kule ndani hakukuwa na rangi nyingine ya kushindana nayo.

Halafu kuna M-Pesa, jina ambalo limesafiri kuliko fundi yeyote. Kenya lilipokelewa kwa kuwa ujumbe ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani. Kila mtu Nairobi ana nyumbani kwingine, na kabla ya hapo pesa ilikuwa inakwenda ndani ya bahasha kwa dereva wa basi. Tena mtumaji na mpokeaji karibu wote walikuwa Safaricom. Vodacom ilipoileta Tanzania mwaka 2008, jina lilikuwa lilelile, mwendo ukawa wa kinyonga. Nchi ni kubwa, watu wametawanyika, na soko lilikuwa limegawanyika: wewe Voda, mama yako Tigo, kaka yako Celtel iliyo njiani kuwa Zain. Huduma inayotaka watu wote wawe nyumba moja haikai vizuri kwenye familia ya namna hiyo. Tanzania ilitoka kwenye mkwamo kwa njia yake, mitandao kukubali kutumiana pesa: Tigo, Airtel na Zantel mwaka 2014, Vodacom akajiunga mwaka 2016. Kenya haikuhitaji hilo mapema kwa sababu mkubwa alikuwa mmoja.

Afrika Kusini ndiko jina lilikoanguka. Vodacom iliizindua M-Pesa huko mwaka 2010 pamoja na benki ya Nedbank, ikilenga wateja milioni 10 ndani ya miaka mitatu. Ilipofungwa, tarehe 30 Juni 2016, watumiaji hai walikuwa kama 76,000. Wazulu na Waxhosa hawana tofauti na sisi katika kutuma hela kijijini, wanatuma sana. Lakini wengi wao walikuwa na akaunti na kadi za benki, mashine za kutolea hela zilikuwa kila mtaa wa maduka, na maduka makubwa ya vyakula yalikuwa yanatuma pesa kaunta kwa gharama ndogo. Masharti ya kumtambua mteja yalikuwa makali, kwa hiyo kibanda cha barabarani hakingeweza kumsajili mtu kirahisi kama Gairo. Kidonda ambacho M-Pesa ilikuja kukifunga kilikuwa kimeshafungwa na mtu mwingine. Halafu wakaizindua upya mwaka 2014, rangi mpya, matangazo mapya, shida ileile.

Kazi ya karibuni iliyotujaza karakana ilikuja Novemba 2024. Tigo, ambayo Millicom ilikuwa imeiuza mwaka 2022 kwa kundi linaloongozwa na Axian ya Madagaska, ikawa Yas. Siku zilezile Telma ya Madagaska na ya Komoro, Togocom ya Togo na Free ya Senegal nazo zikawa Yas. Wasenegali nawahurumia kidogo: ile Free yao ilikuwa Tigo hadi mwaka 2019, kwa hiyo wameaga majina mawili ndani ya miaka mitano. Yas imechagua njano na bluu iliyokolea, na kwa Tanzania njano ilikuwa iko wazi, maana MTN hayuko hapa. Kwa jicho la fundi ni uamuzi mzuri. Inaonekana kutoka mbali na haigombani na mtu, ukiacha wazee wa Simba, ambao mpaka sasa sijasikia wakilalamika.

Tigo Pesa nayo ikaitwa Mixx by Yas. Hapo ndipo nionapo kazi. Jina la kampuni unaweza kulibadilisha na mtu akaendelea na maisha, kwa sababu hulitaji mara nyingi. Jina la pesa unalitaja kila siku, tena kwa haraka, kwa mtu aliye ndani ya kibanda: nitolee kwa Tigo Pesa elfu ishirini. Mawakala wa Msamvu ninaowahudumia wamejaza vibanda vyao njano kuanzia mwavuli hadi fulana, lakini simama dakika kumi usikilize wateja wanaoshuka kwenye magari ya Turiani na Mvomero, utasikia wanachoita. Mitambo imefanya busara moja kubwa: menyu ya pesa bado inafunguka kwa *150*01#. Vidole vya watu vinajua njia hiyo kuliko midomo yao inavyojua jina.

Wakala mmoja, binti mwenye kibanda karibu na lango la kutokea mabasi, alikuja karakana kuagiza bango dogo la kuning'iniza ndani, mbali na lile rasmi alilopewa. Nikamuuliza niandike nini. Akataka juu kabisa namba yake ya uwakala, chini yake Yas, na kwenye mabano Tigo, "kwa ajili ya wazee." Nikamwonyesha kwenye skrini nikiwa nimeweka jina la Yas kwa herufi kubwa, kama nilivyozoea kuwafanyia wenye kampuni.

"Hapana, fundi," akasema. "Jina weka dogo. Kubwa weka nyota mia moja hamsini."

Nikalichapa hivyo. Wiki iliyofuata wakala wa kibanda cha pili akaja kuagiza la kwake, na yeye ni wa Airtel: alitaka vilevile, ila iwe *150*60#.